Kuku Waliokula Mayai Yao

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Sindano alikuta sweta kuukuu linamsubiri juu ya kiti. Kazi yake ilikuwa kulifumua. Mama yake alikuwa mfumaji wa masweta ya shule, na kwa kuwa uzi mpya ulikuwa haushikiki kwa bei, alinunua masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko, akayafumua, akaufua uzi, akauanika mpaka ukanyooka, kisha akaufuma upya. Hivyo ndivyo sweta la babu fulani lilivyogeuka kuwa sweta la mtoto wa chekechea, na mtoto mwenyewe akaenda shule anarukaruka, hana habari kwamba amevaa uzee wa mtu.

Msidhani kufumua ni kuvuta tu. Kuna adabu yake. Unatafuta mshono wa begani, unaukata polepole, unaitafuta ncha, halafu ndipo unavuta. Ukikosea ncha, uzi unakatikakatika, unabaki na vipande visivyofaa hata kufungia mfuko wa chumvi. Ukiipata, sweta linajiachia lenyewe, safu baada ya safu, krrr, krrr, kama linalosema, asante, nilikuwa nimechoka.

Na uchovu, nyumba ile ilikuwa inaujua kwa jina. Baba alikuwa mlinzi wa ghala. Alirudi asubuhi macho mekundu, akaketi kuvua buti moja, akapitiwa na usingizi buti la pili likiwa bado mguuni. Mama naye alisinzia mashineni. Juzijuzi tu alikuwa amefuma sweta lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mteja akalirudisha akiuliza, "Mama, hili la mtoto au la nyani?" Mama alicheka, akaegemea mashine, akafumba macho kidogo, akasahau kuyafumbua.

Chanzo cha uchovu wote huo kilikuwa kimelala chumba cha nyuma. Kaka yake Sindano, ambaye kila mtu alimwita Ngongoti kwa urefu wake, alikuwa golikipa. Mikono yake ilikuwa ikigusa mlingoti huu na huu, au ndivyo alivyojisifu. Kisha akaanza kutoka damu puani bila kugongwa. Fizi zikavuja. Madoa meusi yakamtapakaa miguuni kama mtu aliyepigwa mawe. Hospitali wakamtoa uboho, ile nyama laini ndani ya mfupa inakotengenezwa damu, wakauchunguza, wakasema ni saratani ya damu. Alilazwa, akatundikiwa chupa, akapungua, akapata nafuu, na sasa alikuwa nyumbani na vidonge vyake. Masharti ya daktari yalikuwa mepesi kuyasema: kidonge asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Na arudi kliniki apimwe.

Asubuhi Mama alikuwa sokoni akiviziana na wenzake kwenye marobota ya masweta. Jioni alikuwa mashineni. Basi sinia la mgonjwa likawa la Sindano: mayai mawili laini, mkate wenye siagi, maziwa, na kidonge kimekaa peke yake kwenye kifuniko cha chupa.

"Sindano kafika," alisema Ngongoti bila kufumbua macho. Jina hilo alimpa yeye, kwa wembamba wake na, alisema, kwa ulimi wake. "Hospitali sindano, nyumbani Sindano. Nikimbilie wapi mimi?"

"Kula yai, kaka."

"Yai lenyewe limenikodolea jicho."

"Nalifunika na mkate basi. Haya, fungua mdomo."

"Wewe mwalimu wa chekechea? Acha kuniimbia."

"Sijaimba. Fungua."

Akafungua. Ndani ya mdomo kulikuwa na vidonda vyekundu, kwenye ulimi, kwenye mashavu, mpaka nyuma. Kijiko kikaingia, Ngongoti akakunja uso wote, akameza kama anameza msumari. Kijiko cha pili alikisukuma kwa mkono.

"Mdogo wangu, panawaka moto. Na kikishuka kinataka kurudi. Nihurumie."

Vita hivyo vilikuwa vya kila siku, asubuhi na jioni. Sindano alibembeleza, akatishia, akahadithia, akakasirika, akaomba msamaha, akaanza upya. Maziwa yakapoa, akayapasha, yakapoa tena. Sweta la kufumua likimsubiri. Hesabu za mwalimu zikimsubiri. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda na sinia mapajani, akahisi mabega yake mazito kama ameyaazima kwa mtu mzima.

Kutoka sebuleni mashine ilisimama. "Amekula?" Mama akauliza.

Sindano alimtazama Ngongoti. Ngongoti alimtazama kwa macho ya kuomba.

"Amekula."

Mashine ikaendelea. Neno lenyewe fupi, halijamchosha hata kidogo. Dirisha la chumba kile lilitazama uani kwa jirani mfuga kuku, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeitwa Mama Mayai. Sindano alimwaga yai na mkate nje. Kuku wakaja mbio, shingo mbele kama wanaodai, na kabla hajafunga pazia uwanja ulikuwa mweupe.

Kesho yake neno lile lilikuwa rahisi zaidi. Keshokutwa hata hakumtazama kaka yake kabla ya kulisema.

Haya, sasa sikilizeni ilivyoendelea, maana hapa ndipo mambo yalipopata miguu.

Mdogo wake Mama alikuwa anasoma chuo, mambo ya maabara. Mama mdogo huyo hakuwa na breki. Akiingia nyumbani, habari ziliingia kwanza, yeye akafuata. Siku hiyo alisukuma mlango, akajitupa kwenye lundo la masweta, akaanza hata kabla ya kuamkiwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Jamani, dada, leo nimesoma kitu! Nimekuja nakimbia! Mnajua seli zinajila?"

"Nini zinajila?" Mama akauliza, macho kwenye uzi.

"Seli! Vile vijumba vidogo vidogo vinavyojenga mwili. Si kila kimoja kina vyombo vyake ndani? Vyombo vinachakaa, vinavunjika. Basi seli yenyewe inavifungasha vile vibovu kwenye kamfuko, inavisaga, inapata malighafi, inatengeneza vipya. Inajila! Wataalamu wanaita otofajia. Yaani dada, ni wewe na masweta yako! Ndani ya kila mtu kuna kafundi kanafumua!"

Mama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulikuwa umechoka.

"Na subiri," mama mdogo akaendelea, mikono hewani, "hiyo ina uhusiano na Ngongoti! Seli nyeupe za damu huzaliwa changa, halafu zinakomaa, zinakwenda kazini kupigana na wadudu. Za Ngongoti zimegoma kukua. Ni sawasawa na watu waliokaa darasa la kwanza mpaka wakaota ndevu! Wanajaza madawati, wengine hawapati pa kukaa. Ndani yao kuna kitu kibovu, kinawazuia. Sasa vile vidonge vyake vinawaambia, kueni! Na kule kujila kunasaidia kukisaga kile kitu kibovu. Kikisagwa, seli inakua, inazeeka, inakwenda zake. Haijapigwa bomu, imekuzwa tu! Si maajabu?"

Sindano alikuwa ameacha kufumua. "Na kitu gani kinazifanya zijile?"

"Vingi. Ila kubwa kuliko vyote, njaa. Seli ikishiba inafagia kwa uvivu. Ikibanwa na njaa, hapo ndipo ufagio..." Simu yake ikalia. "Haa! Nimechelewa kipindi! Nitamalizia siku nyingine, kuna sehemu ya pili!" Akatoka kama alivyoingia, na sweta moja likiwa limemnasa kwenye mkoba.

Sehemu ya pili haikufika. Lakini ya kwanza ilimtosha Sindano. Alikuwa amebeba uongo wake kama mtu aliyebeba ndoo kichwani bila kata, na sasa kumbe kata hii hapa. Jioni alimnong'oneza kaka yake kila kitu: njaa inaamsha ufagio, ufagio unasaga ubovu, seli zinakomaa.

Ngongoti alijiinua kwenye mto. "Kwa hiyo mimi nisipokula najitibu?"

"Ndivyo alivyosema mama mdogo. Karibu ndivyo."

"Basi sisi si wavivu." Alicheka mpaka vidonda vikamuuma. "Sisi wanasayansi!"

Tangu hapo sinia liliingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Kidonge Ngongoti alikimeza kwa maji matupu. Mara nyingi tumbo tupu lilikikataa. Alijipinda, akakirudisha kwenye beseni, akajifuta mdomo, akageukia ukutani. Sindano aliosha beseni kimya. Hilo halikuwa kwenye habari za mama mdogo, lakini kuliuliza kulihitaji kueleza mengine yote, naye hakuwa na nguvu ya kueleza. Uchovu ukishapata kisingizio huvua viatu ukakaa.

"Amekula?"

"Amekula."

Mashavu ya Ngongoti yalianza kuingia ndani. Mama alidhani ni ugonjwa.

Upande wa pili wa ukuta, Mama Mayai alikuwa na furaha zake. "Jirani!" aliita siku moja. "Njoo uwaone kuku wangu! Wananenepa kwa upepo! Pumba siwaongezi, lakini tazama mapaja yale!" Sindano, aliyekuwa akianika uzi, alijifanya anatafuta kibanio.

Haikupita muda mrefu, Mama Mayai akaja mwenyewe, kilemba kimekaa upande, hana hata salamu ya maana.

"Jirani, mimi nimerogwa. Kuku wangu wanakula mayai yao!"

Mashine ikasimama. "Wanakula mayai?"

"Anataga, anageuka, analitazama kama hajawahi kuliona, ko! Anatoboa, anakunywa. Wenzake wanakuja kumsaidia. Nikifika nakuta maganda na midomo ya njano. Kuku hazaliwi na tabia hiyo. Kuku akishaonjeshwa ute wa yai ndipo anajua kwamba ndani ya lile jiwe jeupe kuna karamu. Kuna mtu kawaonjesha. Nikimjua!" Akakaa kwenye kiti, hasira zikamwisha zote kwa mara moja, akabaki mama aliyechoka tu kama wengine. "Na vile nilikuwa nakuwekea mayai ya mgonjwa, jirani. Leo sina hata moja. Wananenepa, ndiyo, lakini kuku anayejila yeye na watoto wake huyo si kuku tena. Atanipeleka wapi?"

Sindano aliinamisha kichwa kwenye sweta lake. Mkono ulivuta ncha isiyo yake. Uzi ukakatika.

Siku ya kliniki ilifika. Baba alikuwa zamu, na Mama hakuweza kumshika Ngongoti na kubeba mkoba kwa pamoja, kwa hiyo aliomba ruhusa shuleni, Sindano akaenda nao. Walikaa kwenye benchi refu la ukumbini na watu wengine waliokaa vilevile, vichwa vimeegemea ukuta, kila mmoja na bahasha yake. Mtoto mmoja alilala kwenye paja la bibi yake na bibi yake akalala juu ya mtoto. Ngongoti, ambaye zamani alikuwa anainama milangoni, sasa alipita bila kuinama, kwa vile alitembea amejikunja.

Daktari wa damu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpima Ngongoti uzito. Akampima tena. Akasoma majibu ya damu, akavua miwani, akaivaa.

"Mama, anakula?"

"Anakula vizuri, daktari. Mdogo wake ndiye anayemlisha. Hakosi."

"Na vidonge?"

"Asubuhi na jioni, bila kuruka."

Daktari aliweka karatasi ya majibu mezani. Alizungumza taratibu, kama anayeteremsha mzigo asiupige chini. "Basi nina habari isiyo nzuri. Seli changa bado ni nyingi. Nilitegemea kufikia sasa zingekuwa zimekomaa na kupungua. Kama anakula na kumeza dawa kama unavyosema, maana yake ni moja, dawa hii imeshindwa kwake. Itabidi tumlaze leo tuanze dawa kali za mshipa. Hizo hazikuzi seli, zinaua, nzuri na mbaya. Kwa mwili uliokonda hivi..."

Mama hakulia. Alishika magoti yake kwa mikono miwili kana kwamba yangeondoka. Ngongoti alitazama sakafu.

Sindano alimtazama mama yake. Akaona mkono ule wenye alama nyekundu za uzi vidoleni. Akawaza kuku wa jirani, midomo ya njano, wanavyojila na kunenepa na kuisha. Daktari alikuwa tayari ameshika kalamu. Akiandika, dawa iliyokuwa haijapewa hata nafasi ya kufanya kazi ingeondolewa, na kaka yake angechomwa kwa moto ambao labda haukuhitajika. Na watu wote mle chumbani wangefanya hivyo kwa sababu ya neno lake moja fupi.

"Daktari," alisema. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Akajaribu tena. "Daktari, usiandike. Hajala."

"Leo?"

"Siku zote. Nasema amekula, lakini hajala. Namwaga dirishani. Na vidonge anameza na maji, halafu anatapika. Naosha beseni. Mama hajui."

"Nilimwomba mimi," Ngongoti akasema haraka. "Mdomo unawaka, daktari. Usimseme yeye."

"Na mama mdogo alisema njaa inafanya seli zijile," Sindano akaendelea, sasa machozi yakishuka bila kuomba njia, "zinasaga ubovu, kaka anapona. Nikaona basi si vibaya. Lakini nilikuwa nimeanza hata kabla ya hapo. Nilichoka tu. Nilichoka kubembeleza."

Mama alifumba macho. Sindano alingoja kofi. Halikuja.

Daktari aliweka kalamu chini. Akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Sindano.

"Mama mdogo wako hakudanganya," alisema. "Alikupa nusu. Ni kweli seli hujila, na ni kweli katika ugonjwa wa kaka yako hilo linasaidia. Kidonge kinaziamuru seli zikue, na ufagio ule unakisaga kitu kinachozizuia. Lakini nani anauamsha ufagio hapo? Kidonge. Kilichoishia kwenye beseni hakiamshi kitu. Na kidonge hiki kinapenda mafuta, bila chakula mwili unakichukua kidogo mno."

"Na njaa?"

"Hapo ndipo nusu ya pili ilipo. Seli ya saratani nayo inajua kujila. Ikibanwa na njaa, au na dawa, mara nyingine inatafuna vyombo vyake ili ivute siku, ijifiche, ingoje hatari ipite. Ufagio uleule, mkono mwingine. Hata sisi bado tunachunguza ni lini tuusaidie na ni lini tuuzuie. Hatujafika, nakwambia kweli. Ila tunajua hili: ukimnyima mtu chakula, huichagulii njaa pa kuuma. Anayekonda ni kaka yako. Saratani haikondi."

Sindano alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kama kuku wa Mama Mayai."

"Kuku gani?"

Mama akafumbua macho. "Kumbe ni wewe!" alisema. "Kumbe ndiwe uliyewaonjesha mayai!" Na pale pale, katikati ya balaa lile lote, Ngongoti akaguna kicheko kupitia puani, Mama akakisikia, naye kikamtoroka, kicheko kibovu, chembamba, cha mtu ambaye hajalala siku nyingi. Daktari aliwatazama mmoja mmoja bila kuelewa kitu, akaona heri asubiri.

Alipoelezwa, alitikisa kichwa. Kisha akavuta droo iliyokuwa karibu kabisa na kiwiko chake, akatoa chupa na pakiti.

"Hii ni ya kusukutulia vidonda, inatia ganzi kabla ya kula. Hizi ni za kuzuia kichefuchefu, anameza kabla ya kidonge. Zilikuwa hapa muda wote." Akazisogeza mezani. "Muda wote, mwanangu. Hakuna aliyesema mdomo unamuuma wala kwamba anatapika, basi sikutoa."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Daktari hakuandika dawa kali. Alisema Ngongoti alazwe apewe vidonge vilevile, kwa chakula, wauguzi wakimwona akimeza, kisha wapime tena kabla ya kuhukumu. "Siahidi," alisema. "Huenda ikawa tumechelewa, huenda siyo. Lakini sasa angalau najua ninachokitazama."

Walirudi nyumbani wawili. Njiani Mama alikaa kwenye ukingo wa barabara kupumzisha miguu, akampisha Sindano kando yake.

"Unanichapa tukifika?" Sindano akauliza.

"Mkono wa kuchapia nimeuacha mashineni." Mama aliangalia magari. "Mwanangu, kuchoka si kosa. Mimi nachoka, baba yako anachoka, daktari yule umemwona macho? Ukichoka, sema nimechoka. Nitaacha sweta, nitashika kijiko, wewe ukalale. Hilo ni deni langu kwako, tena sikukuuliza, na hapo kosa ni langu. Lakini ukisema amekula na hajala, umempa daktari uzi uliokatika katikati ukamwambia afume. Atafuma. Ni fundi, atafuma kwa bidii. Sweta litakuja kuachia mwilini mwa kaka yako."

Sindano alilala kwenye bega la mama yake, pale pale barabarani, na Mama akamwacha alale.

Mama mdogo aliposikia alikuja bila mbio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alisimama mlangoni anavuta kamba ya mkoba. "Nilikuwa na furaha mno ya kusema," alisema, "nikasahau kwamba kuna mtu anasikiliza. Nusu ya habari ni mbaya kuliko kunyamaza." Akafunga kanga kiunoni, akaingia kuosha vyombo, na baada ya hapo alikuja kila Jumamosi kushika zamu ya sinia.

Kwa Mama Mayai Sindano alikwenda peke yake. Alipokelewa kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa kwenye kitabu cha shule. Yalipokwisha, adhabu ikatolewa: kila asubuhi awahi viota kabla kuku hawajageuka. Tena kuku akionja haachi kwa kuambiwa. Basi Sindano alikaa na Mama, akajifunza kufuma, na kitu cha kwanza alichofuma maishani mwake kilikuwa yai. Uzi mweupe, umekazwa, likajazwa mabaki ndani mpaka likawa gumu kama jiwe. Alifuma mengine, akayaweka viotani. Jogoo alilidonoa moja, mtetea akalidonoa, wakalidonoa tena, wakatazamana. Hakuna karamu. Baada ya muda waliacha kujisumbua na kila kitu cheupe walichokikuta.

"Una kipaji," alisema Mama Mayai kwa unyonge. "Lakini usiniletee kuku wa uzi."

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma mara mbili, miwani ikiwa imevaliwa, ikiwa imevuliwa. Seli changa zilikuwa zimepungua. Si kuisha, alisema, mjue bado tuko safarini na safari ni ndefu, lakini zimepungua, zinakomaa, dawa inafanya kazi. Mama alisema "Alhamdulillahi, ee Mungu, asante," na kukaa chini. Ngongoti aliinua mikono yake mirefu, akagusa mlango huku na huku.

Akarudi nyumbani. Vidonda vilikuwa vimekauka, ila bado siku nyingine chakula kilimshinda, na bado siku nyingine Sindano aliona mabega yake mazito. Siku kama hizo alikwenda sebuleni akasema, "Mama, leo nimechoka," na Mama akazima mashine, akachukua kijiko.

Leo hakuwa amechoka sana. Alitoka chumbani na sinia, akapita mbele ya dirisha bila kulitazama.

"Amekula?" Mama akauliza.

"Amekula yai moja na nusu." Sindano aliweka sinia juu ya meza ya mashine, mbele ya macho ya mama yake. "Nusu imemshinda. Hii hapa."

Mama aliitazama ile nusu ya yai kana kwamba ni kitu cha thamani.

"Asante, mwanangu," alisema. "Asante kwa hiyo nusu."